Utetezi na Mashitaka ya Mifano ya Vyombo

Pana watu wawili ambao husema juu ya ufundi wa kuunda mifano midogo ya meli, ndege na magari ya vita kana kwamba ni mahasimu, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza ni msomi. Yeye hupita mbele ya kabati la kioo, akaitazama manowari yenye urefu wa dhiraa, akatabasamu kama mtu aliyemwona mtoto akisukuma gari la mabua, kisha akaenda zake vitabuni. Wa pili ni fundi mwenyewe. Yeye hukesha chini ya taa akihesabu riveti za ubavu wa kifaru, na akiulizwa kifaru hicho kilimtenda nani nini, hujibu kuwa hayo si yake. Yeye ni mtu wa vipimo, siasa na machozi vina wenyewe. Msomi asema mfano haujui kitu. Fundi asema mfano hausemi kitu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wote wawili wamepotoka, na kwamba hasara ya upotofu wao imetuangukia sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi.

Nianze na msomi, maana kiburi chake ni kikubwa zaidi. Lau angalifungua historia ya ufundi anaoudharau, angaliona kuwa mfano ulikuwa kazi ya watu wazima kabla haujawa mchezo wa watoto. Katika karne ya kumi na saba waundaji wa manowari za Uingereza walifanya mifano ya mbao yenye mbavu zilizoachwa wazi, ili umbo la chombo lionekane; na Samuel Pepys, ambaye dunia humjua kwa shajara yake, alikuwa mmoja wa walioikusanya. Mwaka 1942 jeshi la maji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi hiyo wachonge mifano 500,000 ya ndege kwa kipimo cha 1 kwa 72, yaani inchi moja kwa futi sita, ili wapiga mizinga wajifunze kupambanua ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo lake tu. Mwanafunzi aliyekosea bawa kwa upana wa ukucha angaliweza kumfundisha mpiga mzinga kumtungua mwenziwe. Sijui ni tasnifu ngapi za chuo kikuu zilizopata kubeba dhima ya namna hiyo.

Heshima ya ufundi huu ilipunguzwa na plastiki. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu wa Hungaria aliyehamia Uingereza, iliuza mwaka 1952 mfano wa merikebu ya Francis Drake, Golden Hind, kwa shilingi mbili, na mwaka 1953 ikatoa ndege ya Spitfire. Tangu hapo merikebu na ndege zikawa kitu cha kununuliwa dukani ndani ya kifuko. Mtoto akavinunua kwa akiba yake, na msomi akakata shauri kwamba kinachonunuliwa na mtoto hakiwezi kuwa na elimu ndani yake. Kwa hoja hiyo hata kamusi ingetupwa.

Walakini ushahidi mzito kabisa dhidi yake hauko London wala Marekani. Uko Lamu. Kwa karne nyingi watu wa visiwa vya Lamu na vya Wabajuni waliunda mtepe: chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, pasipo msumari wa chuma hata mmoja, chenye tanga la mraba la mkeka, na omo iliyonyanyuka kama shingo ya ngamia ikiwa imechorwa macho pande mbili. Nasaba yake ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, chataja mji wa Rhapta katika pwani hii na kueleza kuwa jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa. Mtepe ulibeba boriti za mikoko, ukashindana na jahazi la misumari, ukashindwa. Kabla ya katikati ya karne ya ishirini ulikuwa umekwisha baharini. Hapana mtepe wa kale uliosalia, si majini wala nchi kavu.

Basi twaujuaje? Kwa maelezo machache, kwa picha chache, na kwa mifano, kama ile iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Hapa pana jambo ambalo msomi wa vitabu hapendi kulisikia. Mwandishi aweza kusema kwamba mbao zilishonwa, akatia nukta, akapumzika. Fundi wa mfano hana ruhusa hiyo. Lazima ajue tundu limetobolewa umbali gani kutoka ukingoni mwa ubao, kamba imepita mara ngapi, imekazwa kwa ndani au kwa nje, upenyo umezibwa kwa kitu gani, na uzi umefichwa wapi usikwaruzwe na mchanga chombo kinapopwelewa. Sentensi yaweza kuusitiri ujinga kwa mwaka mzima. Mfano huufichua siku ile ile, kwa sababu mbao mbili ama zimeshikana ama hazikushikana. Mtu aliyeshona dhiraa moja ya mtepe kwa mkono wake anajua habari za bahari yetu ambazo aliyesoma makala ishirini hana.

Mwaka 2003 mtepe mzima uliundwa upya Unguja na kuwekwa katika Beit al-Ajaib. Walioifanya kazi hiyo hawakuwa na chombo cha zamani cha kupimia. Iliwabidi warejee kwa alama zile zilizobaki, na mikono ya mafundi wa leo. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi, kusudi msomaji ajiulize ni vyombo vingapi vya pwani hii ambavyo vipimo vyake vimewekwa mahali zaidi ya pamoja.

Sisemi kwamba mfano hauwezi kudanganya. Fundi anayeunda kwa kumbukumbu huikuza omo kwa sababu aipenda, na huufupisha mkuku kwa sababu kipande cha mti alichopata kilikuwa kifupi. Lakini hati nazo hudanganya, tena kwa mhuri na sahihi, na hapajatokea mtu wa kushauri kwamba kwa sababu hiyo zichomwe. Tumejifunza kuzihoji. Basi na mfano uhojiwe, kwa rula na kwa maswali.

Hapa fundi wa mifano atapiga makofi. Asifanye haraka, zamu yake imefika.

Ikiwa mfano ni ushahidi, aliyeuunda ni shahidi, na shahidi hawezi kujitetea kwa kusema kuwa yeye ni mtu wa vipimo tu. Dai lake kwamba chombo ni chombo na hakina siasa limekwisha kukanushwa na wauzaji wa mifano wenyewe. Ujerumani ina sheria inayokataza kuonyesha hadharani alama za chama cha Nazi, isipokuwa kwa sababu za elimu na kadhalika. Kwa hiyo ndege za vita za Hitler huchorwa juu ya makasha zikiwa na mkia mtupu, na katika karatasi ya alama za kubandika ile swastika ama huondolewa, ama hukatwa vipande viwili mnunuzi aviunganishe mwenyewe akitaka. Alama yenye upana wa milimita chache! Ikiwa haisemi kitu, sheria yaiogopea nini? Na ikiwa yasema, basi kila kilichobandikwa juu ya mfano chasema, na kila kilichoachwa chasema pia.

Hata vipimo vyenyewe havikushuka kutoka mbinguni. Kipimo cha 1 kwa 35, ambacho waunda vifaru hukiapia, kilitokana na mfano wa kifaru cha Panther uliotolewa na kampuni ya Tamiya ya Ujapani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wake ulichaguliwa ili mota na betri vienee ndani. Betri ndiyo iliyotunga sheria, na watu wazima wakaishika kama dini.

Lakini nisipotee katika nchi za watu; nishike chombo kilichokuja kwetu. Mwezi wa Juni 1914 manowari ya Kidachi, Königsberg, iliingia Dar es Salaam. Watu wa mji waliitazama, wakahesabu, wakaiita Manowari na Bomba Tatu. Jina hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chama cha waunda mifano, maana ndiyo kanuni yao ya kwanza: kijue chombo kwa umbo lake. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha mashine zake zikaharibika, ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliitafuta kwa ndege, jambo jipya wakati huo katika anga la Afrika Mashariki; na mwezi wa Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliielekeza mizinga ya Severn na Mersey, hata tarehe 11 Wadachi wakaitoboa meli yao wenyewe.

Fundi atakaye kuunda Königsberg hana budi kuchagua siku. Aweza kuichagua siku ya Kiel, rangi mpya, sitaha inameta, bendera imetanda. Aghalabu huichagua hiyo, au inayofanana nayo, na kupenda kitu kizuri si dhambi. Lakini Königsberg iliyo na maana katika historia ya nchi hii ni ya Rufiji: imevishwa matawi ya mikoko, imezungukwa na tope na mbu, na kando yake pana watu. Sehemu za mashine zake zilizoharibika zilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, zikatengenezwa, zikarudishwa, na nguvu iliyozipeleka na kuzirudisha ilikuwa mabega ya vibarua Waafrika. Ilipokwisha kuzama, mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikakokotwa, ikawekewa magurudumu, ikapigana bara. Nani aliyeikokota? Katika mifano ya Königsberg niliyopata kuiona, humo hayumo.

Fundi atajibu kwamba mtu ni mdogo mno. Na tuhesabu, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na zaidi kidogo. Kwa kipimo cha 1 kwa 350 inakuwa sentimita 33. Mtu wa kimo cha sentimita 170 anakuwa karibu milimita 5. Mizinga yake ilikuwa ya sentimita 10.5, tundu la mtutu kwa kipimo hicho ni theluthi moja tu ya milimita, na fundi huyu huyu hununua mtutu wa shaba uliokerezwa kwa mashine ili tundu hilo lionekane, akaliangalia kwa lenzi na kumwita mkewe aje aone. Mwenye jicho la kuona theluthi ya milimita asituambie kwamba milimita 5 zimempita.

Jambo hili linakuwa la ajabu zaidi tukifika Kigoma, kwa sababu Graf von Götzen, ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba, ililetwa kwa namna ile ile mfano unavyoletwa nyumbani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena kipande kwa kipande, na mwaka 1915 ikashuka majini. Majina ya mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg yamehifadhiwa: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walionyanyua mabamba, walioshika koleo, waliosimama juani kutwa wakizipokea riveti za moto, walikuwa wengi mno kuliko watatu, na majina yao hayamo katika vitabu ambavyo waunda mifano huviweka mezani. Wadachi waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ikachukua abiria na magunia ya dagaa kwa miongo mingi. Apendaye mizinga haijali miongo hiyo. Yeye huitaka ile ya 1915, yenye mzinga wa Königsberg sitahani. Mwaka mmoja na miezi michache ya vita imeizima kazi ya umri mzima.

Na zile mashua mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, za futi 40 kila moja, zilizotumwa mwaka 1915 kupigana na Wadachi katika ziwa hilo hilo? Habari zake hupendwa sana Ulaya, na si ajabu, maana zinafanana na ngano. Zilishushwa Cape Town, zikapanda kwa reli hadi Katanga, zikavushwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa maksai, na kwa kamba zilizoshikwa na watu. Na maji yalipoadimika, wanawake wa vijiji vya njiani waliyaleta vichwani ili mashine zinywe. Kwa wiki nyingi hazikuwa mashua hata kidogo. Zilikuwa mizigo. Mtu akiziunda zinakata maji, bendera nyuma, ameunda siku zake chache. Anayetaka kuziunda kwa kweli na aziunde mlimani, juu ya magari yake, na kamba zimekazwa.

Ushahidi wa watu hawa hauhitaji kutafutwa mbali. Kila siku twautamka tukienda sokoni. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps kwa ulimi wetu, lile jeshi la wapagazi ambalo Waingereza waliliandikisha katika vita hiyo. Hesabu za Waingereza wenyewe zakiri kufa kwa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa, na wanahistoria hushika kwamba idadi ya kweli ilizidi hapo. Wapagazi wa upande wa Wadachi walihesabiwa vibaya zaidi. Mchongaji wa sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa Nairobi miaka ya 1920 alimpa mpagazi nafasi kando ya askari. Naye alikuwa mtu aliyelipwa na watawala, asiyetazamiwa kuwa mkweli kuliko sisi. Kama yeye alimwona, waunda mifano wa leo, walio huru kuunda watakacho, wana udhuru gani?

Wako pia watu wa tatu, na sitakaa nao sana. Hao husema kwamba kuunda mfano wa chombo cha vita ni kutukuza vita, na kwamba heri mikono hiyo ifanye vinyago vya twiga. Dawa yao ni kuvunja kioo. Lakini ukiivunja Königsberg hutampata kibarua chini ya vigae vyake; utakuwa umempoteza mara ya pili, pamoja na kitu pekee kilichoweza kutufanya tumwulize. Vita haisahauliki kwa kufichwa vyombo vyake. Pegasus imezama, na jina la Kariakoo lipo pale pale.

Sasa namrudia msomi, kwa sababu kesi ya fundi kwa kweli ni kesi yake. Fundi wa ng'ambo huunda alichopewa michoro yake. Michoro ya manowari imetunzwa. Huko Ulaya hakuna bamba la meli lisilo na karatasi. Lakini ni nani aliyemchorea fundi mzigo wa mpagazi, na kata iliyokuwa kichwani mwake, na fundo la kamba alilovutia mzinga, na kibanda alicholala? Picha za vita ile zipo, nyingine zawaonyesha watu wakikokota mizinga ya Königsberg. Zipo taarifa za maofisa. Na wazee waliohojiwa wakati walipokuwa hai waliacha maneno. Kazi ya kuyageuza hayo kuwa vipimo ni ya nani kama si ya chuo kikuu? Msomi amemwachia fundi nusu ya historia isiyochorwa, kisha humcheka kwa kuchora nusu iliyopo.

Ningependa kuona mwanafunzi wa historia akiruhusiwa kuleta mbele ya walimu wake mfano mmoja alioupima na kuuunda mwenyewe, pamoja na maandiko ya kueleza kila kipimo amekitoa wapi na kipi amekikisia. Akosolewe kwa ukali kama tasnifu nyingine yoyote. Mmoja alete mshono wa mtepe, dhiraa moja tu. Mwingine apime jahazi linaloundwa sasa hivi Lamu au Nungwi, mbao kwa mbao, kabla fundi wake hajazeeka, asingoje hata iwe kama mtepe, wa kutafutwa katika vioo vya makumbusho.

Na mmoja achukue mzinga wa Königsberg. Mmoja upo Mombasa, pale Fort Jesus, na mwingine uko Pretoria. Wageni husimama kando yake wakapigwa picha. Mtutu wake una urefu wa mita 4 na robo hivi. Kwa kipimo cha 1 kwa 35 hauzidi sentimita 12, na mtu anakuwa sentimita 5. Meza ya kadiri ya msala ingetosha kuuonyesha ukitoka matopeni Rufiji, na watu hamsini kambani. Ila kwanza ijulikane kamba zilifungwa wapi.